Rambirambi Katika Chumba cha Mavazi

Siku yangu ya kwanza kazini Toronto sikushona hata mshono mmoja. Mkuu wa Karakana ya mavazi, mzee wa Kitaliano mwenye nyusi nene kama brashi ya viatu, alinitupia gauni jeusi la jukwaani na kijisu cha kufumulia nyuzi, akaniambia, "Fumua."

"Lina kosa gani?" nikamuuliza.

"Halina kosa. Fumua, jioni unieleze limeshonwaje."

Niliudhika. Nilikuwa nimetoka Tanga na miaka mingi ya cherehani mgongoni, sare za shule, magauni ya harusi, majoho ya makadhi, na siku ya usaili nilimwambia mzee yule kwamba naweza kumshonea kitu chochote chenye shingo. Sasa nimekalishwa pembeni kama mwanafunzi, nafumua kazi ya mtu mwingine. Lakini kufika adhuhuri nilikuwa nimeacha kununa. Ndani ya gauni lile mlikuwa na gauni jingine. Bitana ilikuwa imeshikizwa kwa mkono, kwa mshono mlegevu ule tunaouita bandi, ili iweze kufunguliwa upesi na kupanuliwa. Pembeni waliacha kitambaa cha akiba cha kutosha mtu mwingine nusu. Zipu ilikuwa ya chuma, nene, ya kuvutwa gizani na mikono inayotetemeka. Nguo ya mtaani hushonwa ipendeze mtu akiwa karibu. Ya jukwaani hushonwa ipendeze kutoka kiti cha mwisho kabisa, na mwenye kuivaa aweze kutoka ndani yake kabla wimbo unaofuata haujaanza.

Jioni mzee akauliza, "Umejifunza nini?"

"Kwamba aliyeshona alijua kuna siku litafumuliwa."

Akacheka kwa pua. "Rudi kesho."

Nilirudi kwa miaka mingi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na mimi na familia yangu tulikuwa tunaishi Malvern, pembezoni mwa mji, kwa hiyo nilipanda basi, treni, kisha treni nyingine mpaka katikati ya Toronto. Meza ya pili kutoka yangu alikaa Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa akitokea Weston, upande wa pili wa mji. Yeye kazi yake ilikuwa kushona shanga na vile vibati vidogo vya kumetameta, kimoja kimoja, huku akiimba nyimbo za kanisani kwao.

"Wee Mama Salma," alikuwa akiniambia, kwa jina la binti yangu, "unashona sawa vile mashini imekutukana."

"Imenitukana. Uzi umekatika mara tatu."

"Uombe pardon. Mashini iko na roho."

Tulicheka sana meza ile. Nasema haya mapema kwa sababu huko mbele hakuna kicheko kingi.

Baada ya miaka kadhaa karakanani nilihamishiwa kwenye ukumbi wa maonyesho, nikawa mvalishaji. Kazi hiyo vijana wengi hawaijui. Mvalishaji ndiye anayesimama nyuma ya pazia na nguo ya pili mkononi, msanii akitoka jukwaani anamvua, anamvisha, anafunga zipu, anampiga bega, aende. Ni kazi ya kuwaona watu maarufu wakiwa na nguo za ndani na wasiwasi. Bosi wangu huko alikuwa Msimamizi wa Mavazi, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti, na siku ya kwanza alinipa kanuni mbili.

"Pini zinahesabiwa mara mbili, kabla ya pazia na baada. Na unachokisikia wakati zipu inapanda kinabaki chumbani."

Kanuni ya kwanza haikunisumbua. Mimi kila kitu nahesabu mara mbili, hata watoto wangu, na ninao wawili tu. Ya pili nikaona nijaribu kuipunguza kidogo.

"Na nikisikia mtu ni mgonjwa?"

"Utaniambia mimi."

"Na nikisikia kuna moto?"

"Utapiga kelele."

"Kumbe punguzo lipo."

"Hakuna punguzo, Mwanaidi."

Nikaitika. Lakini mtu aliyezaliwa sokoni akiambiwa hakuna punguzo, moyoni anasikia kwamba mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza.

Sasa nifike kwa wale akina mama watatu. Jina la kundi lao silitaji. Sisi tuliwaita Mabibi. Walikuwa Wamarekani weusi kutoka mji wa viwanda ng'ambo ya ziwa, na walipokuwa wasichana walitoa wimbo mmoja ambao sidhani kuna harusi ya watu wa rika lao iliyopita bila kupigwa. Kwa Kiswahili ungeuita "Pitia Mlango wa Nyuma". Msichana anamwambia mpenzi wake asipite mbele, watu wataona, apitie nyuma, na nyuma yake wenzake wawili wanaitikia na kupiga makofi yale ya kuvuta mguu wa mtu acheze. Nilikuwa naujua tangu Tanga, kwa redio ya jirani, bila kuelewa neno hata moja.

Walikuja Toronto miaka michache baada ya elfu mbili na kumi, kwa maonyesho ya alasiri, maana mashabiki wao walishakuwa watu wa kulala mapema. Mwimbaji mkuu alikuwa Bi. Verna, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Wa pili alikuwa Bi. Hazel, mwembamba, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, na yeye ndiye aliyeandika maneno ya wimbo ule. Wa tatu alikuwa wa kuajiriwa, kwa sababu mwenzao wa asili alishafariki.

Kila onyesho, kabla ya wimbo huo, Bi. Verna alisimulia ulikotoka. Alikuwa na mpenzi, baba yake mchungaji hataki kumwona kijana yule hata kwenye picha, basi akawa anamwambia apitie nyuma. Siku moja kijana akakutana na mbwa. Hapo ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko, na ngoma ikaanza.

Safari hii walitaka magauni mapya, rangi ya feruzi. Bi. Hazel ndiye aliyechagua. Nikaenda mtaa wa maduka ya vitambaa, kwa Bwana Karim, Mwismaili wa Dar es Salaam aliyekuwa akinipenda na kuniogopa kwa kiasi kilekile.

"Mama, hiyo ni satini halisi, na hapa si Kariakoo."

"Kama si Kariakoo, mbona mita yako ni fupi kama ya Kariakoo? Pima tena."

Akapima tena. Nikamwomba apime mara ya tatu, kwa ajili ya afya yangu. Akapunguza bei ili niondoke.

Siku ya kupima magauni, Alhamisi, niliwachukua mmoja mmoja. Bi. Verna alivuta tumbo ndani, na kwa mtu wa hivyo unaongeza vidole viwili kimyakimya. Alipokuja Bi. Hazel nilikuwa nimepiga magoti kwenye pindo, na pini nimezichomeka kifuani kwenye blauzi, kama mafundi wote duniani wasiotaka kuinuka kila dakika. Akazitazama pini zile. Akatazama hadi nikadhani nina doa.

"Mama yangu alizichomeka hapohapo," akasema.

"Alikuwa fundi?"

"Alifanya usafi mchana, na jioni alishona. Yeye ndiye aliyetushonea magauni ya kwanza. Feruzi kama hii."

Nikasubiri. Ukipiga magoti mbele ya mtu na macho yako kwenye pindo, mtu huyo husema. Hilo nililigundua zamani. Wavalishwao husema kuliko walevi.

Akanieleza kwamba usiku wao wa kwanza katika ukumbi mkubwa wa mji wao, wasichana walikuwa wamesimama mlango wa mbele na watu wa maana, wamejipamba. Mama yake akaja mbio kutoka kazini kuwarekebishia pindo, na koti lake la usafi, nyuzi zimemganda mabegani, pini kifuani. Bi. Hazel alikuwa na miaka kumi na saba. Akamwendea kabla hajafika karibu, akamwambia, "Mama, pitia mlango wa nyuma."

Mama akapitia nyuma. Akarekebisha pindo zote bila kusema neno.

"Wiki ileile nikaandika wimbo," Bi. Hazel akasema. "Nilidhani nikiyageuza maneno yale kuwa ya mapenzi yatanitoka kinywani. Badala yake yakaingia kwenye redio ya kila mtu. Mama aliyasikia kwa jirani. Hakuniuliza kitu. Lakini nilipomnunulia nyumba, ina mlango wa mbele wa vioo vya rangi, hakuwahi kuupita. Mifuko ya soko, siku ya mvua, siku ya Pasaka, alizunguka nyuma. Siku ya kwanza kupita mbele alikuwa amebebwa na wanaume sita."

Nilikuwa nimeshika pindo lake na sikuweza kuchomeka pini. Nilimfikiria binti yangu Salma, ambaye wakati anasoma aliniomba niwe namshusha kona ya pili kutoka shule, nami nilikuwa namshusha na kumwambia ni kwa sababu ya foleni.

Bi. Hazel akaendelea. Kuna watu wa televisheni walikuwa wanatengeneza kipindi kuhusu nyimbo za zamani na zilikotoka. Jumamosi, kabla ya onyesho, wangemweka mbele ya kamera na kumuuliza yeye, mwandishi. Kwa miaka yote Bi. Verna ndiye aliyekuwa akijibu.

"Nikisema kweli, watu watanijua nilivyo. Nikisema uongo, basi nimeusema mara ya mwisho, maana kwa umri huu hakuna atakayeniuliza tena. Sijaamua. Nina mpaka Jumamosi, na nataka niamue peke yangu."

"Pole kwa mama," nikasema.

"Ah. Ni zamani."

"Watu walikuja kukaa nawe? Kwenye msiba?"

Akacheka kidogo. "Nilifika asubuhi kwa ndege, nikamzika mchana, jioni nilikuwa jukwaani naimba wimbo huohuo. Nani angekuja kukaa na nani?"

Hapo ndipo kichwa changu kilipoharibika. Kwetu msiba hauzeeki kwa asiyeusikia. Ukikutana na mtu leo akakwambia alifiwa mwaka ule ulipokuwa mbali, unampa mkono wa pole leo, na ukiweza unakwenda kwake kuhani, kukaa naye kwenye msiba, hata kama kaburi limeshaota majani. Na huyu alikuwa na msiba ambao haujakaliwa na mtu hata mmoja. Nilitoka chumbani nimeshaamua kwenda kumpa pole, ilhali alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuniambia kwamba anataka kuamua peke yake.

Kanuni ya Msimamizi ilinijia, nami nikaanza kupatana nayo kwenye korido. Siri ni mambo ya mlango. Kifo si siri, kifo hutangazwa. Kwa hiyo nikisema kifo nikaacha mlango, sijavunja kitu. Nikaihesabu hesabu hiyo mara mbili na mara zote mbili ikatoka sawa. Nikampigia Mama Furaha karakanani, nikamweleza habari ya kifo tu.

"Mama yake alikufa lini?"

"Zamani sana."

"Na hawakumlilia?"

"Walizika tu, wakatawanyika."

"Aa, mama, ile haiko sawa hata kidogo. Tutaenda. Nitaleta mikate."

Jumamosi tuliwahi kufika kabla ya Mabibi. Nilikuja na birika la kahawa chungu na tende. Mama Furaha alikuja na maandazi yale wao huyaita mikate, na kitenge cheusi kiunoni. Tukavua viatu, tukajitanda vichwani, tukakaa chini kwenye lile shuka jeupe ambalo mvalishaji hulitandika ili pindo zisiguse sakafu. Magauni matatu ya feruzi yalikuwa yananing'inia juu yetu.

Bi. Hazel akafungua mlango, mkoba mkononi, akatukuta hivyo.

Niliinuka, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. "Tumekuja kukupa pole ya mama," nikamwambia. Mama Furaha, ambaye hajui kufanya jambo nusu, akaanza wimbo wa maombolezo wa kwao, taratibu, kwa sauti ile nzito inayotoka tumboni. Bi. Hazel alisimama tu. Uso wake ulibadilika na mimi, kwa ujinga wangu, nikasoma huzuni. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Nikamimina kahawa.

Bi. Verna akaingia kwa kuufuata wimbo. Nyuma yake akaingia mwongozaji wa kipindi, msichana mchangamfu mwenye kalamu sikioni, na nyuma ya msichana kijana mwenye kamera begani, na taa ndogo nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka.

"Nani kafa?" akauliza Bi. Verna.

Mama Furaha ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza chake kisicho na kona. "Mama yake. Tumekuja kumlilia."

"Oh, pole sana!" Mwongozaji akashika mdomo. "Amefariki leo?"

"Amefariki kabla wewe hujazaliwa," Bi. Hazel akasema.

"Sasa mbona leo?"

Wote wakanitazama mimi. Bi. Hazel akanitazama kuliko wote. Hakukasirika, ingekuwa nafuu. Alinitazama kama mtu aliyekuta nguo zake za ndani zimeanikwa barabarani.

"Umemwambia nani?" akauliza.

Na mimi, mwanamke niliyeweza kumshinda Karim na mita yake, sikuweza kunyamaza. Nilitaka ajue kwamba sijavunja kitu, kwamba nimepatana vizuri. Nikasema kwa sauti, mbele ya kamera, "Wallahi, nimesema kifo tu! Mlango sijasema!"

Sijawahi kulisahau neno lile lilivyotoka. Mwongozaji akageuka kama paka aliyesikia samaki. "Mlango upi?"

"Mlango wa kwenye wimbo?" akauliza tena, na akamwashiria mwenye kamera asogee.

"Nje," akasema Bi. Verna.

"Lakini Bi. Verna, tulikubaliana saa—"

"Nje, na hilo dude, kabla sijalikalia."

Wakatoka. Mlango ukafungwa. Mimi nilikuwa bado na birika mkononi na nilikuwa natafuta namna ya kutoka bila kuonekana natoka, nikaanza kuokota viatu.

"Wewe kaa," Bi. Verna akaniambia. "Umeleta msiba, huondoki katikati."

Nikakaa. Akamgeukia mwenzake.

"Hazel, unadhani sikusikia? Nilikuwa nimesimama mbali nawe hatua ngapi siku ile? Nilikuona ukimwendea. Nilimwona alivyogeuka."

Bi. Hazel akauweka mkoba chini. "Unajua?"

"Siku zote. Mara ya kwanza kwenye redio yule bwana alipokuuliza wimbo umetoka wapi, ukageuka rangi ya jivu. Nikarukia. Nikasema nina mpenzi. Mpenzi gani? Nani angenitaka na mdomo huu? Na baba yangu hakuwa mchungaji, alikuwa kinyozi."

"Na mbwa?"

"Mbwa nilimwongeza baadaye, watu walikuwa wanasinzia."

Mama Furaha hakuelewa nusu ya maneno hayo lakini alielewa nyuso, akamsogezea Bi. Hazel sahani ya mikate. Bi. Hazel akachukua mmoja, akaushika bila kuula.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unanifichia."

"Mwanzoni. Halafu nikanogewa na makofi. Usinifanye mtakatifu. Yule kijana nilimtengeneza vizuri mpaka kuna siku nilimkumbuka kama mtu wa kweli." Bi. Verna akajishusha chini kwenye shuka, kazi iliyotuchukua watu wawili, akapokea kahawa, akainywa na kukunja uso. "Hii ni dawa ya nini?"

"Ya msiba," nikasema.

"Basi inafanya kazi. Hazel, mimi leo nitampeleka kijana wangu mpaka kwenye kipaza sauti, halafu nitakupa wewe kipaza sauti. Ukitaka kumwoza, ukitaka kumzika, shauri lako."

Bi. Hazel hakusema atafanya nini. Tulikunywa kahawa. Mama Furaha aliimba tena, mara hii Bi. Verna akimfuata kwa chini bila maneno, na ilikuwa nzuri, nakiri, lakini sikuwa na haki ya kuifurahia. Wakati wa kuwavisha ukafika. Nilimfunga Bi. Hazel zipu kuanzia kiunoni mpaka shingoni. Pini nilizihesabu mara tatu. Zilikuwa sawa. Pini hazikuwa tatizo.

Nilisimama nyuma ya pazia na mtandio wake mkononi. Ukumbi ulikuwa umejaa wazee na wake zao, watu waliofungua harusi zao kwa wimbo ule, na wengine walikuwa wameshasimama tayari kwa kucheza. Bi. Verna akaanza: mpenzi, baba mchungaji. Watu wakaanza kutabasamu kwa ajili ya mbwa. Akaishia hapo, akampa Bi. Hazel kipaza sauti.

Alisimulia vibaya. Alikiweka kipaza sauti karibu mno na pumzi zilisikika kuliko maneno. Alianza kwa mwisho, akarudi mwanzo, akataja rangi ya magauni mara mbili. Aliposema, "Nikamwambia mama yangu apitie mlango wa nyuma, kwa sababu alikuwa na nyuzi kwenye nguo," watu wakacheka. Walicheka kwa nia njema, maana hapo ndipo siku zote kichekesho huwa. Alisubiri wamalize. Kisha akasema, "Nilimwonea haya mama yangu," na kile kicheko kikafa kimoja kimoja, safu ya mbele kwanza, halafu zile za nyuma ambazo zilichelewa kusikia.

Bendi ikaanza kwa sababu ilikuwa imelipwa kuanza. Makofi yale ya kuvuta mguu hayakuvuta mguu wa mtu. Waliosimama walibaki wamesimama, mikono imening'inia. Mzee mmoja karibu na jukwaa alivua miwani akaishika. Bi. Hazel aliimba sauti yake ya pili kama alivyoiimba miaka yote, palepale chini ya Bi. Verna, bila kupunguza wala kuongeza, na wimbo ulipokwisha watu walichelewa kupiga makofi, kisha wakapiga kidogo, kama wanaoogopa kumwamsha mtu. Kwa hesabu za ukumbini lilikuwa onyesho baya kuliko yote niliyowahi kuyavisha.

Bi. Hazel alitoka jukwaani amenyooka. Nilikuwa sijamwona akitembea bila kuisikiliza nyonga yake.

Chumbani nilimfungua zipu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, mengi, mazuri.

"Ulisema kweli, mama yangu hakukaliwa msiba," akasema kabla sijaanza. "Lakini ulitakiwa kuniuliza."

"Bi. Hazel, kwetu sisi—"

"Kwenu nimekuelewa. Mimi ningeweza kusema leo, ningeweza kusema kesho, ningeweza kufa nalo. Lilikuwa langu. Kwa nusu saa wewe ulilifanya lako."

Akatoka ndani ya gauni, mguu mmoja kwanza kwa sababu ya nyonga, akiwa ameshika bega langu, maana hapakuwa na kingine cha kushika. Kisha akamkumbatia Mama Furaha, akamshukuru kwa wimbo. Mimi alinikabidhi gauni.

Mwongozaji wa kipindi alinitafuta kwenye korido aniulize kuhusu mlango. Nilimwambia mimi ni mtu wa pini. Msimamizi wa Mavazi alikuwa ameshasikia kila kitu, na hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba msimu unaofuata wangenihitaji zaidi karakanani kuliko ukumbini. Nikasema sawa. Sikuomba punguzo.

Nimestaafu sasa. Vijana wanaojifunza ushonaji kwenye kituo chetu cha jumuiya huniletea nguo zao niziangalie, nami nawafundisha nilichokwenda kukipata kwa yule mzee wa Kitaliano: bitana ya kufunguka, akiba pembeni, zipu ya chuma. Wakijua nilivalisha watu wakubwa wanataka hadithi, na nikiwahadithia hii wananifariji. "Si iliisha vizuri, Bibi? Si alisema mwenyewe?" Alisema mwenyewe, ndiyo. Ujasiri ule ulikuwa wake, na uungwana ulikuwa wa Bi. Verna, aliyekaa na jambo lile maisha mazima bila kulitoa hata kwa aliyelitenda. Mimi nililiweza siku mbili. Kila nikijaribu kuchukua kasehemu ka mema yale nikaweke upande wangu, hesabu inakataa, na mnanijua kwa hesabu.

Bi. Hazel alifariki miaka michache baadaye, huko kwao ng'ambo ya ziwa. Nilisikia kwa Mama Furaha, ambaye alikuwa akiwasiliana na Bi. Verna kila Krismasi. Nilichemsha kahawa kwa mazoea, nikaweka nguo mbili kwenye begi, basi la kwenda kule lilikuwepo jioni hiyohiyo. Kisha nikaketi, nikampigia kwanza Bi. Verna, nikamwomba: je, naweza kuja kukaa na wafiwa?

Akasema atamuuliza binti wa marehemu. Akanipigia kesho yake asubuhi.

"Anashukuru sana umeuliza," akasema. "Ila wangependa kuwa wenyewe."

Nikamwambia sawa. Simu ilikatika kabla sijaongeza neno, na ilikuwa heri, maana nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kubembeleza.